Kuku ni wa Nani?

Mwezi uliopita katika ukurasa huu tulizungumza habari za vifaranga na mwewe. Tulisema kuku mwenye vifaranga awekwe ndani ya tenga mpaka watoto wake wapate nguvu. Mwezi huu tuzungumze juu ya adui mkubwa kuliko mwewe. Mwewe huchukua kifaranga kimoja na kuondoka. Adui huyu huchukua banda zima. Jina lake ni mdondo. Sehemu nyingine huitwa kideri.

Wengi wetu tunaujua mdondo. Tumeuona tangu utotoni. Lakini bado kila kiangazi unatumalizia kuku. Kwa nini? Dawa ya kuuzuia ipo, nayo ni ya bei ndogo. Mara nyingi kinachokosekana ni kusikilizana ndani ya nyumba. Tuanze na hadithi. Ni hadithi ya mfano tu, lakini huenda nyumba hii unaijua.

Nyumba moja ya Magole

Tuseme nyumba hii iko Magole, wilaya ya Kilosa, mkoa wa Morogoro, karibu na barabara kuu iendayo Dodoma. Ndani yake wanaishi baba, mama, bibi mzaa baba na watoto wanne. Mtoto wa kwanza ni msichana. Yuko darasa la saba, na mwezi wa Septemba atafanya mtihani.

Nyumba hii ina kuku 23. Mama ndiye anayewafungulia asubuhi. Watoto wanawatilia maji. Bibi anawatupia pumba na kuhesabu kama wote wamerudi jioni. Mama ana shabaha yake. Binti akifaulu, mwezi wa Januari atauza kuku wanane ili anunue sare na viatu. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za sekondari za serikali, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Lakini sare, viatu na madaftari bado ni kazi ya mzazi. Mama analijua hilo. Ila shabaha hiyo hakumwambia mtu. Ilikuwa moyoni mwake tu.

Mwezi wa Agosti, mahindi yakiwa yamekwisha vunwa, baba alichukua mitetea wawili akawauza kando ya barabara. Alitaka tairi la baiskeli. Mama aliuliza.

"Baba watoto, mbona wale wawili siwaoni?"

"Nimewauza. Kwani mwenye nyumba hii ni nani? Kuku ni wangu."

Mama alinyamaza. Wiki ile ile akaja mgeni, ndugu wa baba, kutoka kijiji cha mbali. Alileta zawadi ya jogoo mzuri mwekundu. Baba alifurahi. Alimkata kamba akamwachia uani pamoja na wengine.

Baada ya siku chache jogoo yule alishusha mbawa. Kesho yake kuku watatu walijikunyata kwenye kivuli cha jiko. Waliharisha kijani. Mmoja alipinda shingo akawa anazunguka kama mlevi. Baba alipowaona aliita.

"Mama watoto! Njoo uone kuku wako, wanaumwa."

Mama alitoka na mwiko mkononi. Akasema, "Wangu? Mwezi huu huu walikuwa wako."

Wakaanza kubishana. Baba alisema mama ndiye anayewachunga. Mama alisema baba ndiye aliyeleta jogoo mgonjwa. Bibi aliwasikiliza. Mwisho akasema, "Wanangu, mnagombea manyoya. Kuku wanakwisha."

Ni kweli. Baada ya siku kumi walibaki kuku watatu. Wanane wa sare walikuwa miongoni mwa waliokufa. Binti alifanya mtihani wake huku mama akijiuliza Januari itakuwaje.

Ndugu msomaji, tazama vizuri kosa la nyumba hii. Kuku alipouzwa alikuwa wa baba. Alipougua akawa wa mama. Wakati wote aliokuwa mzima na anataga, hakuna aliyeuliza, "Ni nani kati yetu atakayemtafutia chanjo?" Mali ya namna hiyo haina mwenyewe. Na mali isiyo na mwenyewe haina wa kuikinga.

Mdondo ni ugonjwa gani

Mdondo huletwa na virusi. Virusi ni vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ugonjwa huu ulielezwa na wataalamu mwaka 1926, kwenye kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza. Ndiyo maana wataalamu huuita ugonjwa wa Newcastle. Leo uko katika nchi nyingi za dunia. Kwa hiyo mdondo si uchawi wa jirani. Wala si laana ya nyumba yako.

Dalili zake ni hizi:
- Kuku hupoa, hushusha mbawa, manyoya husimama.
- Huhema kwa shida, hukohoa, hutoa makamasi.
- Huharisha kijani au njano.
- Wengine hupinda shingo, hutetemeka au hupooza miguu.
- Wengi hufa kwa muda mfupi, wakubwa kwa wadogo.

Si lazima kuku mmoja awe na dalili zote. Wengine hufa hata kabla dalili hazijaonekana. Katika banda ambalo halijachanjwa, mdondo unaweza kuua karibu kuku wote.

Kuku akishaugua mdondo, hakuna dawa ya kumponya. Watu hujaribu pilipili, mshubiri, mwarobaini na majivu. Wengine hununua vidonge vya binadamu na kuvisaga. Hakuna kati ya hivyo kinachoua virusi vya mdondo. Ukiona kuku mmoja amepona, amepona kwa nguvu zake. Usipoteze fedha.

Mdondo husafiri vipi

Virusi hutoka kwa kuku mgonjwa kwa njia ya kinyesi, makamasi na pumzi. Huingia kwa kuku mzima anapokula, anapokunywa au anapovuta hewa. Huweza kusafiri kwenye viatu vyako, kwenye tenga, kwenye magurudumu ya pikipiki na kwenye manyoya yaliyotupwa.

Sisi wa vijiji vya kando ya barabara tuna hatari zaidi. Magari yanasimama, matenga ya kuku yanapanda na kushuka. Mchuuzi ananunua kuku wawili hapa, watatu kule, na wote anawatia ndani ya tenga moja. Asiyeuzwa leo anarudi nyumbani na kulala na wenzake. Kama aliupata ugonjwa ndani ya tenga, amewaletea wenzake.

Mara nyingi mdondo huja kwa nguvu wakati wa kiangazi. Katika miezi hiyo mavuno yamekwisha, ngoma na harusi ni nyingi, na wageni wanatembeleana. Kuku wanauzwa na kupewa watu zawadi. Kuku wanapohama sana, ugonjwa nao unahama.

Tena yuko bata. Bata anaweza kubeba virusi vya mdondo bila yeye kuonekana mgonjwa. Kwa hiyo usiseme, "Bata wangu ni wazima, basi ugonjwa haupo." Njiwa na kanga pia hupata ugonjwa huu. Ukifuga ndege wa aina mbalimbali uani, mwulize Afisa Mifugo namna ya kuwakinga wote.

Kuku mgeni

Wazee wetu walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii ina maana nyingi, lakini kwa mfugaji ichukue kama ilivyo. Kuku akija nyumbani kwako, awe wa kununua au wa zawadi, usimwachie uani siku hiyo. Mtenge mbali na wengine kwa wiki mbili. Mpe chombo chake cha maji. Wahudumie kwanza kuku wako wa zamani, ndipo umwendee yeye. Akiwa amebeba mdondo, kwa kawaida utaonekana ndani ya siku hizo.

Je, mgeni aliyemleta hatakasirika? Mwambie, "Ndugu yangu, zawadi yako nimeipokea. Nataka ikae." Mtu mwenye busara ataelewa.

Na wewe unayeuza, kumbuka hili. Ukiwapeleka kuku mnadani wakarudi bila kuuzwa, nao ni wageni. Watenge vilevile.

Chanjo ni tone moja

Kinga ya mdondo ni chanjo. Chanjo inayowafaa sana watu wa vijijini ni ile inayoitwa I-2. Mbegu yake ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Kati ya mwaka 2002 na 2005 ulifanyika mradi wa kuzuia mdondo katika Tanzania, Malawi na Msumbiji kwa msaada wa Australia, na chanjo hii ilitumika. Siku hizi inatengenezwa hapa hapa nchini na Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania.

Kwa nini inatufaa? Chanjo nyingi huharibika upesi zikikosa barafu. Chanjo hii huvumilia joto kuliko nyingine. Lakini kuvumilia si kutoharibika. Usiiweke juani. Usiifunge kwenye pikipiki wakati jua linawaka. Izungushie kitambaa kilicholowa maji, itie ndani ya kikapu, uiweke mahali penye giza na ubaridi.

Namna ya kuchanja ni hii:

1. Anza mapema. Jioni iliyotangulia funga kuku wote ndani. Asubuhi usiwafungulie. Kuku akishatoka, utamkimbiza kutwa nzima.

2. Soma karatasi ya chanjo. Soma tarehe iliyoandikwa kwenye chupa. Kama tarehe imepita, usiitumie. Ndugu msomaji, hapa ndipo kisomo chako kinalipa. Asiyejua kusoma huchukua chupa kwa kuamini tu. Wewe unaweza kusoma tarehe hiyo kwa macho yako.

3. Mtu mmoja amshike kuku. Mwingine atie tone moja ndani ya jicho moja. Subiri kuku apepese jicho ndipo umwachie. Kuku mkubwa tone moja. Kifaranga tone moja. Usipunguze kwa sababu ni mdogo. Usiongeze kwa sababu ni mkubwa.

4. Usiwachanje wagonjwa. Chanja wazima tu.

5. Osha mikono kwa sabuni ukimaliza. Usiguse macho yako.

6. Chupa ikishafunguliwa, imalize siku hiyo. Usiifiche kwa ajili ya mwezi ujao.

Baada ya chanjo, mpe kuku muda wa wiki mbili kupata kinga iliyokamilika. Kisha rudia kila baada ya miezi mitatu. Wako vifaranga waliototolewa nyuma yako, nao hawana kinga. Na kinga ya wakubwa hupungua kidogo kidogo.

Chanjo hii huzuia mdondo tu. Haizuii ndui ya kuku. Haizuii mafua. Haimzuii kicheche wala nguchiro. Kuku wako akichukuliwa na kicheche usiseme chanjo haifai.

Usingoje mpaka wafe

Wengi wetu hukumbuka chanjo siku tunayosikia kuku wa jirani wamekufa. Wakati huo umechelewa. Kuku aliyekwisha kuambukizwa haponywi na chanjo. Tena mchanjaji anayetoka nyumba yenye ugonjwa anaweza kuuleta kwako kwa mikono na viatu vyake. Chanja wakati kuku ni wazima na kijiji ni shwari. Ukitaka kinga ya kiangazi, usikose kuchanja mwezi wa Mei au Juni, kabla kuku hawajaanza kusafiri.

Na kama ugonjwa umekwisha ingia? Fanya hivi. Wafungie kuku wako wasitoke. Usiuze kuku wa nyumba hiyo, hata aliye mzima. Anayekimbilia kuuza anaokoa shilingi chache na kuua kuku wa kijiji kingine. Usichinje wagonjwa na kutupa manyoya na matumbo jalalani. Fukia mizoga kwenye shimo refu au ichome moto. Usiitupe mtoni, kwa maana mto ni wa watu wote. Mpe habari Afisa Mifugo na mwenyekiti wa kitongoji siku hiyo hiyo. Ugonjwa ukiisha, safisha banda, choma takataka, na usilete kuku wapya haraka.

Baraza la nyumba

Sasa turudi kwenye lile swali letu. Kuku ni wa nani?

Hatukuamrii jibu. Kila nyumba ina desturi yake. Kuna nyumba ambamo kuku ni wa mama. Kuna nyumba ambamo kila mtoto ana kuku wake aliyepewa na bibi. Kuna nyumba ambamo wote ni wa pamoja. Jibu lolote linafaa, mradi lisemwe waziwazi na lisibadilike kuku akiugua.

Chagueni jioni moja. Mkae baba, mama, wazee na watoto wakubwa. Zungumzeni mambo matano.

La kwanza, tuna kuku wangapi? Wahesabuni usiku wakiwa wamelala. Msikisie.

La pili, ni wa nani? Tajeni. Huyu mweusi ni wa bibi. Yule wa madoa ni wa mtoto. Waliobaki ni wa nyumba.

La tatu, nani ana ruhusa ya kuuza au kuchinja? Tunashauri asiuze mtu peke yake. Baba akitaka kuuza, amwambie mama. Mama akitaka kuuza, amwambie baba. Kuambiana hakumpunguzii mtu heshima. Yule mama wa hadithi yetu alikuwa na shabaha ya sare. Lau angeisema, na lau baba angeuliza, tairi lingenunuliwa kwa njia nyingine.

La nne, fedha ya chanjo itatoka wapi? Tupige hesabu. Tuseme mna kuku 20. Mtachanja mara 4 kwa mwaka. Hayo ni matone 80. Kwa kawaida gharama ya tone moja ni ndogo kuliko bei ya yai moja. Basi tengeni jogoo mmoja mwanzoni mwa mwaka. Mwiteni "jogoo wa chanjo". Huyo haliwi na mgeni wala hauzwi kwa tairi. Akiuzwa, fedha yake inawekwa kwa kazi hiyo moja tu. Haikutosha, ongezeni mayai.

La tano, nani atafanya kazi gani? Baba na mwanawe watajenga banda. Mama atasoma tarehe ya chanjo. Watoto watakamata kuku. Bibi atahesabu. Kazi ikigawanywa, lawama haipati pa kukaa.

Daftari la kuku

Tafuteni daftari moja dogo. Kila jambo la kuku liandikwe humo na mtu yeyote anayejua kusoma na kuandika. Andikeni kwa ufupi. Kwa mfano:

Tarehe 3 Juni. Wamechanjwa 20. Chanjo nyingine tarehe 3 Septemba.
Tarehe 11 Juni. Ameuzwa jogoo 1. Fedha ya chanjo.
Tarehe 20 Juni. Wametotolewa vifaranga 9.
Tarehe 2 Julai. Ameliwa kuku 1. Mgeni wa baba.

Daftari halibishani na mtu. Mkisahau siku, lifungueni. Mkitaka kujua kama ufugaji una faida, lifungueni. Na siku mkianza kusema "kuku wangu" na "kuku wako", lifungueni pia.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Umechanja kuku wako. Jirani yako hakuchanja. Kuku hawajui mpaka. Ugonjwa ukiingia kwa jirani, virusi vitajaa njiani na kisimani. Vifaranga wako ambao hawajafikiwa na chanjo watakuwa wa kwanza kufa. Kwa hiyo chanjo ni kazi ya kitongoji.

Tena chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi, zaidi ya kuku wa nyumba moja. Ukinunua peke yako, utatumia matone 20 na mengine utayamwaga. Mkiungana nyumba saba au nane, chupa itakwisha na kila mmoja atachangia kidogo. Mwenyekiti wa kitongoji atangaze siku moja. Afisa Mifugo wa kata awafundishe vijana wawili au watatu, wake kwa waume, wawe wachanjaji. Morogoro tuna bahati. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko mkoani kwetu na kinafundisha udaktari wa mifugo. Mkipata nafasi ya kuonana na wataalamu wake, waulizeni bila aibu.

Kama jirani yako ni maskini sana, au ni mzee asiye na nguvu, msaidieni kuku wake watano. Mkimwacha nje, mmeuachia mdondo mlango.

Banda, mvua na watoto

Katika nyumba nyingi kuku hulala jikoni au chumbani pamoja na watu. Tunawaogopa wezi na kicheche. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini kinyesi cha kuku ni hatari kwa watoto wadogo. Mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kukitia mdomoni. Huhara, hukonda na hudumaa. Viroboto na utitiri nao huhamia vitandani.

Jengeni banda dogo la kichanja karibu na dirisha la chumba cha kulala. Tumieni miti, fito na nyasi. Kichanja kiwe juu ya nguzo, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Kinyesi kitaanguka chini na mtakizoa kupeleka bustanini kuwa mbolea. Mlango uwe na komeo. Mwizi akija mtasikia.

Kwa watu wa Magole na Dumila kichanja kina faida nyingine. Hatujasahau Januari 2014. Mto Mkundi ulifurika, maji yakaingia majumbani, daraja la barabara kuu likaharibika na safari za Morogoro na Dodoma zikakatika. Kichanja hakiwezi kushindana na mafuriko kama yale, na katika siku kama hiyo kwanza okoeni watu. Lakini maji ya kawaida ya masika hayatawafikia kuku walio juu.

Mayai ni ya nani?

Neno la mwisho ni juu ya chakula. Zamani katika sehemu nyingi za nchi yetu watoto na wajawazito walikatazwa mayai. Kuku akichinjwa, firigisi ilikuwa ya baba na watoto walibakiwa na mchuzi. Desturi ya firigisi haidhuru mtu. Lakini kuwanyima mayai wanaokua ni kosa. Yai ni chakula cha kujenga mwili. Mtoto aliyefikisha miezi sita na kuanza kula anaweza kupewa yai lililoiva vizuri, pamoja na uji au ugali wake na maziwa ya mama. Mama mjamzito naye ale.

Wengine hudhani wakila mayai hawatapata vifaranga. Hesabu ni rahisi. Kuku mmoja akitaga mayai 15, mwachie 12 ya kuatamia. Yatatotolewa baada ya siku 21. Matatu yaliyobaki ni ya watoto. Kumbuka, mdondo ukija utakula vifaranga vyote pamoja na mama yao. Afadhali mtoto wako ale mayai matatu, na waliobaki wapate chanjo.

Ndugu msomaji, nyumba ile ya hadithi ilibaki na kuku watatu. Tuseme wale watatu ni mitetea, na tuseme safari hii baba na mama walikaa barazani wakakubaliana. Jogoo wameazima kwa jirani, wakamtenga kwanza kwa wiki mbili. Mitetea mitatu ikitaga, kuatamia na kuchanjwa, uani hapatakaa patupu. Sare ya Januari ilinunuliwa kwa shida, kwa kuuza mahindi ya chakula. Lakini sare ya mwaka mwingine imekwisha anza kutembea uani, ina manyoya, na katika daftari imeandikwa ni ya nani.

Leo jioni wahesabu kuku wako. Halafu uliza swali letu. Ukimaliza kusoma ukurasa huu, msomee jirani.

Maswali ya kujadiliana katika kisomo

1. Nyumbani kwako nani huamua kuku auzwe? Je, wote mmekubaliana?
2. Kwa nini chanjo haifai wakati kuku wamekwisha ugua mdondo?
3. Nyumba ina kuku 15. Ikichanja mara 4 kwa mwaka, itahitaji matone mangapi?
4. Mgeni amekuletea kuku wa zawadi. Utafanya nini siku hiyo?
5. Andika katika daftari lako mambo matatu ya kuku yaliyotokea nyumbani mwezi huu.